Safari ya Jina la Kennedy

(Hotuba iliyosomwa Siku ya Wanafunzi wa Zamani na mmoja wa waliomaliza kidato cha nne mwaka 1998)



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka niseme machache, aliniachia mwenyewe nichague la kusema. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kuandikisha vizazi na vifo. Tangu asubuhi hadi jioni naandika majina ya watu. Kwa hiyo nimeona nizungumze juu ya kitu nilichokizoea, yaani jina. Na kwa kuwa si adabu kulichambua jina la mtu mwingine mbele ya hadhara, nitalichambua la kwangu.

Mimi naitwa Kennedy. Lakini wale tulioingia pamoja kidato cha kwanza mwaka 1995 hawanijui kwa jina hilo. Wao hunijua kama Kichwa Kibaya. Naona katika mstari wa tatu kuna bwana mmoja mwenye suti ya kijivu anayecheka mpaka machozi yanamtoka. Huyo ndiye aliyelianzisha, na mpaka leo hajaomba radhi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwalimu wetu wa historia alikuwa padri mzee kutoka Tipperary, nchini Ayalandi. Siku ya kwanza alipoita majina darasani, alikuta akina Kennedy wanne. Akaweka kalamu chini, akacheka. Akatuambia kwamba kwao Kennedy ni jina la ukoo, si jina la kupewa mtoto, na kwamba wenye jina hilo walikuwa majirani wa mama yake. Kisha akaandika ubaoni: Ó Cinnéide. Akasema neno hilo lina sehemu mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya kichwa. Na wataalamu wa lugha hiyo wanalifasiri kwa njia mbili. Wako wasemao ni kichwa chenye kofia ya chuma ya vita, na wako wasemao ni kichwa kibaya. Mnawajua wavulana. Kofia ya chuma hawakuisikia kabisa. Na katika sisi wanne, kila aliyetazama kichwa changu alikubali kwamba jina limepata mwenyewe.

Niliona haya kwa muda mrefu. Lakini jambo la padri yule lilinikaa moyoni, na tangu hapo kila nilipopata kitabu kilichogusa habari hizo nilikisoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Katika karne ya kumi, upande wa magharibi wa Ayalandi kando ya mto Shannon, palikuwa na mtawala mmoja aliyeitwa Cennétig. Alifariki mwaka 951. Mwanawe mmoja ni Brian Boru, ambaye alikuja kuwa mfalme mkuu wa Ayalandi nzima mwaka 1002, na akauawa mwaka 1014 katika vita vya Clontarf, karibu na Dublin. Jina la Cennétig likarithiwa katika nyumba ya Donnchuan, kaka yake Brian, na wazao wa nyumba hiyo ndio wakaitwa Ó Cinnéide. Kwa hiyo jina hili si la mtaani. Lilianza katika nyumba ya kifalme.

Hiyo Ó iliyotangulia, vijana, maana yake ni mjukuu, au mzao. Na ile Mac mnayoiona katika majina mengine ya huko maana yake ni mwana. Binti hatumii Ó, hutumia Ní, naye ataitwa Ní Chinnéide. Sisi hapa hatuna haja ya kushangaa. Pwani husema bin na binti. Wakalenjin wana arap. Kwetu sisi Wajaluo ni wuod kwa mwana na nyar kwa binti. Watu wote duniani wameulizana swali lile lile: wewe ni wa nani?

Tofauti ni kwamba Waayalandi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Ulaya kulifunga jina la babu likawa la ukoo, lisibadilike tena kwa kila kizazi. Kuna hadithi ya zamani isemayo kwamba Brian Boru ndiye aliyetoa amri hiyo. Hadithi ni tamu, lakini tarehe zinaikataa, kwani katika kumbukumbu zao za mwaka 916, kabla Brian hajazaliwa, tayari ametajwa marehemu mmoja wa ukoo wa Ó Cléirigh. Mimi kama mwandikishaji nafurahi kuona kwamba hata hapo kale cheti cha kifo kilikuwa shahidi mzuri kuliko porojo.

Sasa tuifuate safari. Akina Ó Cinnéide walikaa kwanza mashariki ya Clare, karibu na Killaloe. Katika karne ya kumi na mbili walisukumwa, wakavuka Shannon na kuingia kaskazini ya Tipperary, nchi iliyoitwa Ormond. Huko wakawa mabwana kwa miaka mingi, wakajenga ngome katika nchi inayozunguka mji wa Nenagh. Walipoongezeka waligawanyika matawi matatu, yakapewa majina kwa rangi ya nywele: Fionn, yaani weupe, Donn, wa kahawia, na Rua, wekundu. Kuna kitabu cha misa cha kale sana kiitwacho Stowe Missal, kilichohifadhiwa ndani ya kasha la madini. Na juu ya kasha hilo limechorwa jina la Pilib Ó Cinnéide, mfalme wa Ormond, aliyefariki mwaka 1381.

Lakini tayari mwaka 1328 mfalme wa Uingereza alikuwa amempa mtu wa ukoo mwingine, James Butler, cheo cha Mwinyi wa Ormond. Yaani cheo kilipewa mgeni, na nchi ilikuwa bado na wenyewe. Wazee wetu mliokuwapo wakati wa ukoloni mnaelewa mambo ya namna hiyo bila kufafanuliwa. Mwaka 1465 ikatoka sheria iliyowataka Waayalandi waliokaa katika wilaya zilizotawaliwa na Waingereza kuzunguka Dublin wachukue majina ya Kiingereza: jina la mji, au la rangi, au la kazi. Na katika karne ya kumi na saba, baada ya majeshi ya Cromwell kuishinda nchi, akina Ó Cinnéide walinyang'anywa ardhi zao. Wakati huo wa dhiki ndipo watu wengi walipoiacha ile Ó, maana ilimtambulisha mtu mara moja mbele ya wakubwa. Mwisho wa karne ya kumi na tisa, raia walipoanza tena kuionea fahari lugha yao, koo nyingi ziliirudisha. Akina Kennedy wengi hawakuirudisha. Limebaki Kennedy tupu, kama mtu aliyevuliwa kofia barabarani asiokote tena.

Nitahadharishe hapa kwamba si kila Kennedy anatoka Tipperary. Uskoti nako kuna ukoo mkubwa wa Kennedy, katika nchi ya Ayrshire, waliopata cheo cha Mwinyi wa Cassillis mwaka 1509. Hao ni ukoo wao mbali. Na kwa kuwa Waskoti wengi walihamishiwa kaskazini ya Ayalandi tangu mwanzo wa karne ya kumi na saba, Kennedy wa Belfast huenda asiwe na udugu wowote na Kennedy wa Nenagh, japo majina yao ni mamoja. Jina moja, nyumba mbili. Ofisini kwangu mambo hayo huyaona kila juma.

Kutoka hapo jina likaenea duniani. Wengine walilipeleka kwa cheo. Arthur Kennedy, mzaliwa wa County Down, alikuwa gavana wa Sierra Leone, kisha Australia ya Magharibi, akarudi tena Sierra Leone, kisha Hong Kong kuanzia mwaka 1872; na mtaa wa Kennedy Town huko Hong Kong unaitwa kwa jina lake hadi leo. Lakini wengi hawakulipeleka kwa cheo. Walilipeleka kwa njaa.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi vya Ayalandi. Maskini wa nchi ile walikuwa hawana chakula kingine, kwa sababu nafaka na mifugo vililipia kodi ya ardhi ya mabwana, na vyakula viliendelea kusafirishwa nje huku watu wakifa. Mpaka kufika mwaka 1852, watu kama milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja walikuwa wameikimbia nchi. Mwaka 1841 nchi ile ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Tangu hapo haijafika tena idadi hiyo.

Katika waliokimbia alikuwako kijana mmoja mkulima, Patrick Kennedy, kutoka Dunganstown, karibu na mji wa New Ross, wilaya ya Wexford. Alivuka bahari mwishoni mwa miaka ya 1840 akafika Boston, akawa fundi wa mapipa. Akamwoa Bridget Murphy, wakapata watoto. Mwaka 1858, tarehe 22 Novemba, Patrick akafa, maskini, akimwacha mjane na mtoto mchanga wa kiume asiyetimiza mwaka. Mama yule alifanya kazi za nyumbani kwa watu, kisha akafungua duka dogo, akamlea mwanawe. Mtoto huyo, Patrick Joseph, alipokua alifanya kazi bandarini, akawa mwenye baa, akaingia siasa. Mwanawe Joseph akawa tajiri, na mwaka 1938 akawa balozi wa Marekani huko London. Na mtoto wa Joseph ni John, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 1961. Juni 1963 Rais huyo alikwenda New Ross na Dunganstown, binamu zake wakamkaribisha chai; akawatania wenyeji kwamba babu yake asingaliondoka, yeye angekuwa kibarua katika kampuni iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Miezi mitano baadaye aliuawa. Ilikuwa tarehe 22 Novemba, siku ile ile aliyofariki Patrick, miaka 105 nyuma.

Vijana mtaniuliza: na hapa kwetu lilifikaje? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Mwaka 1959, Tom Mboya alipanga safari ya ndege kuwapeleka vijana wetu kusoma Marekani. Vijana walikuwa na barua za kukubaliwa vyuoni, lakini nauli ilikuwa hakuna. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba mwaka huo ikiwa na vijana 81, kwa fedha zilizochangwa na Wamarekani, miongoni mwao mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Mwaka uliofuata waliotaka kwenda walikuwa wengi zaidi, na fedha hazikutosha. Serikali ya Marekani iliombwa ikakataa. Julai 1960 Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy nyumbani kwake kando ya bahari, naye wakati huo alikuwa anagombea urais. Mfuko wa familia yake, ulioitwa kwa jina la kaka yake Joseph aliyekufa vitani mwaka 1944, ukatoa dola 100,000. Wako wanaosema Kennedy alikuwa anatafuta kura za Wamarekani weusi, na sidhani kwamba wamekosea sana. Lakini ndege ziliondoka. Kati ya 1959 na 1963 vijana karibu 800 kutoka Kenya na nchi jirani walikwenda. Mmoja wa walioondoka mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mwingine wa mwaka huo alikuwa baba yangu mkubwa. Jina lake hamlijui, wala hakupata tuzo yoyote. Barua ya chuo ilikuwa imekaa ndani ya Biblia ya bibi yangu miezi saba. Kijiji kilikuwa kimeuza ng'ombe wawili na kuku wasiohesabika, na fedha ile ilitosha viatu, koti, na matumizi ya miezi michache tu. Nauli ilitoka kwa watu ambao hawakumjua. Alisoma, akarudi, akawa mwalimu, akafundisha hadi kustaafu. Na kwa mshahara huo wa ualimu alilipa karo ya watoto 11 wa ukoo wetu. Mimi nilikuwa wa tisa.

Nilipofika umri wa kuchukua kitambulisho, nilitaka kulifuta jina la Kennedy. Nilikuwa nimechoka na Kichwa Kibaya, tena nilikuwa nimesoma vitabu kidogo, nikaona kwamba kuitwa kwa jina la mzungu ni utumwa. Nikamwambia baba, kwa ujasiri wa kijana wa miaka 18, kwamba mwacha asili ni mtumwa. Baba hakukasirika. Aliniuliza tu kama najua baba yangu mkubwa alikwenda Marekani kwa nauli ya nani. Nikasema sijui. Akanieleza. Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mimi sikukuita hivyo kwa sifa. Nilikuita kwa deni."

Nikaenda nikaandikisha Kennedy.

Hata hivyo, deni lina taabu zake, na hapa nasema kama mwandikishaji. Cheti changu cha kuzaliwa kilisema Kennedy. Kanisani padri alikuwa amekataa kunibatiza kwa jina lisilo la mtakatifu, nikaandikwa Patrick. Shule ya msingi iliandika Kenedy, kwa n moja, na Patrick ikafuata. Nilipopata nafasi ya chuo kikuu nikaenda katika ofisi moja kuomba mkopo wa masomo, karani akazipanga karatasi zangu mezani akaniambia: "Hawa ni watu watatu. Wewe ni yupi?" Muhula mzima ulipita nikitafuta viapo na mihuri. Karo ya muhula huo ililipwa na baba mkubwa, naye wakati huo alikuwa mgonjwa na mstaafu. Aliuza shamba la mabingobingo alilolishia ng'ombe wake wa maziwa, kisha akamwuza na ng'ombe. Alifariki mwaka 2003, kabla sijahitimu. Herufi moja iligharimu shamba, na aliyelipa si mimi.

Kwa hiyo ninyi wa kidato cha nne, jioni hii kabla hamjalala, toeni vyeti vyenu vya kuzaliwa mlinganishe na majina mliyoandikisha kwa ajili ya mtihani, herufi kwa herufi. Aliye na kosa aje kwangu kabla sijaondoka. Nimekuja na fomu.

Siku hizi Kennedy ni jina letu kama Omondi. Mlinda mlango wa Zambia waliotwaa Kombe la Afrika mwaka 2012, Kennedy Mweene, hata yeye alilichukua uwanjani, na penalti akafunga. Sidhani kwamba wazee wa Ormond wangelalamika.

Ndugu zangu, nimalizie. Leo asubuhi nilipofika langoni nilimpisha kijana mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa anatoka amejitwika sanduku la bati. Nikadhani yuko mgonjwa. Akaniambia amerudishwa nyumbani kuleta salio la karo. Leo, siku ambayo sisi tumekuja na magari yetu kula pilau. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza watu majina, sikumwuliza jina. Nilimwuliza kiasi. Kilikuwa kidogo kuliko petroli niliyotia kuja hapa. Sasa yumo humu ukumbini, na naomba asitafutwe kwa macho.

Silisemi hili ili nisifiwe. Aliyelipa nauli ya mwaka 1960 hakumjua baba yangu mkubwa, na baba yangu mkubwa hakuwa na njia ya kumrudishia, wala tajiri yule hakuwa na haja ya kurudishiwa. Deni la namna hiyo halirudi lilikotoka. Huenda mbele. Mwalimu Mkuu ameniambia kwamba wako wengine ambao masanduku yao yamekwisha fungwa, watakaotoka Jumatatu. Bwana Mwenyekiti, kabla pilau haijaletwa, naomba mfuko wa karo upitishwe mstari kwa mstari, uanzie huu wa tatu, kwa bwana mwenye suti ya kijivu. Akilipa vizuri, nitamsamehe Kichwa Kibaya.